Mawaziri wakuu watatu mwaka mmoja, na wananchi hawakupiga kura?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa Morogoro, kwenye grupu letu la familia kuna ugomvi hauishi. Kijana wangu anasoma Leicester Uingereza, mdogo wangu wa kiume yuko Minneapolis Marekani ana grini kadi (kibali cha kuishi, sio uraia). Mjomba mtu anasema Uingereza hakuna demokrasia, mwaka 2022 walikuwa na mawaziri wakuu watatu na hakuna mwananchi aliyeulizwa. Kijana anamjibu mbona Marekani mtu anapata kura chache na bado anakuwa rais. Nani yuko sahihi? Alafu kijana kaletewa barua ya kujiandikisha kupiga kura wakati yeye ni Mtanzania, naogopa asije akaingia matatizoni."

Jibu: Marahaba mama, na pole na hilo grupu. Kwanza barua ya kijana asiitupe. Nitaifikia huko chini, maana nikiijibu sasa hivi bila kueleza hayo mengine haitaeleweka inakuwaje Mtanzania anaitwa kwenye kura ya Waingereza.

Kuhusu ugomvi wenyewe, mjomba kasema kweli na mpwa wake kasema kweli. Wanapokwama ni kwamba kila mmoja anauliza swali moja tu, nani alimchagua huyu mkubwa. Nimefundisha siasa za nchi za nje miaka mingi na kila mwaka wanafunzi wanaanza na hilo hilo swali, na kila mwaka nawaambia ongezeni la pili: nani anaweza kumtoa, na lini? Hilo la pili ndo linaonyesha hizi nchi zilivyoachana, ingawa zinaongea lugha moja na moja ilikuwa koloni la mwenzake.

Uingereza hakuna kura ya waziri mkuu, haijawahi kuwepo. Siku ya uchaguzi mkuu unapewa karatasi yenye majina ya wagombea ubunge wa jimbo lako, unaweka alama moja, umemaliza. Mwaka 2024 watu waliokuta jina la Keir Starmer, aliyekuja kuwa waziri mkuu baada ya uchaguzi ule, kwenye karatasi ni wa jimbo moja tu la London linaitwa Holborn and St Pancras, wale wa majimbo mengine 649 walikuwa wanachagua mbunge wao. Baada ya hapo inaangaliwa chama gani kimepata zaidi ya nusu ya viti 650, kiongozi wake anaitwa na mfalme, anaambiwa aunde serikali. Sasa angalia maana yake. Yule mtu anakaa Downing Street, ofisi ya waziri mkuu, kwa sababu wabunge zaidi ya nusu wanamkubali leo. Kesho wakimkataa hana kazi, na si lazima wananchi warudishwe vituoni, kwa sababu ile nafasi hakupewa na wananchi moja kwa moja, kapewa na wabunge waliochaguliwa na wananchi.

Ndo kilichotokea 2022. Boris Johnson alikuwa ameshinda Desemba 2019 akiwazidi wengine wote kwa viti 80, yaani alikuwa na nguvu kweli kweli. Lakini kashfa zikamwandama, ikiwemo ya sherehe ndani ya ofisi za serikali wakati wa corona huku wananchi wamefungiwa majumbani, na mwezi wa saba 2022 Sajid Javid na Rishi Sunak wakajiuzulu uwaziri jioni moja, wakafuatwa na wenzao mmoja mmoja mpaka ndani ya siku mbili zaidi ya watu 50 wameachia nafasi za serikali, sasa serikali bila watu wa kuiendesha utaiendeshaje, akatangaza anaondoka. Chama chake cha Conservative kikafanya uchaguzi wa ndani. Wabunge wa chama wanachuja mpaka wabaki wawili, alafu hao wawili wanapelekwa kwa wanachama wenye kadi. Liz Truss akapata kura 81,326 na Sunak 60,399. Soma tena hizo namba mama. Nchi ya watu zaidi ya milioni 67, na aliyepewa nchi kapewa na watu elfu themanini na kitu. Hapo mjomba ana haki ya kushika kichwa, hata mimi jambo hilo linanisumbua mpaka leo.

Lakini endelea kuangalia. Truss alipewa kazi na Malkia Elizabeth tarehe 6 Septemba, siku mbili baadaye malkia akafariki, nchi ikaingia kwenye msiba. Tarehe 23 Septemba waziri wake wa fedha Kwasi Kwarteng akatangaza punguzo la kodi la kama paundi bilioni 45 bila kueleza vizuri hiyo hela itafidiwa na nini, masoko yakashtuka, paundi ikashuka dhidi ya dola kuliko ilivyowahi kushuka, watu wenye mikopo ya nyumba wakaanza kupewa riba za kutisha. Wabunge wa chama chake mwenyewe wakaona huyu anatuzamisha. Tarehe 20 Oktoba akatangaza kujiuzulu, siku ya 45 tangu apewe kazi. Sunak akaingia tarehe 25, na safari hii hata wanachama hawakupiga kura kwa sababu mpinzani wake wa mwisho alijitoa. (Huyo Sunak mama yake alizaliwa Tanganyika na baba yake Kenya, nadhani kijana wako analijua hilo.)

Sasa mwulize mjomba: rais wa Marekani akifanya kosa la bajeti la ukubwa ule mwezi wa kwanza, anatoka lini? Hatoki. Miaka minne inabaki miaka minne.

Na si kwa bahati mbaya, Wamarekani walitaka iwe hivyo. Walikuwa wametoka kupigana na mfalme wa Uingereza, katiba wakaiandika Philadelphia mwaka 1787, na hofu yao kubwa ni mamlaka yasije yakarundikana mkononi mwa mtu mmoja au chombo kimoja. Wakatenganisha kila kitu. Rais ana uchaguzi wake. Baraza la Wawakilishi lenye watu 435 lina wa kwake kila baada ya miaka miwili (usilichanganye na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, ni jina tu limefanana). Maseneta 100 wanakaa miaka sita sita na kila miaka miwili wanarudi kwa wananchi kama theluthi yao. Na waziri wa rais haruhusiwi kuwa mbunge hapo hapo, akiupenda uwaziri anaachia kiti. Uingereza ni kinyume kabisa, kwa desturi yao waziri lazima atoke bungeni, ama Baraza la Makabwela linalochaguliwa ama la Malodi lisilochaguliwa, na kila Jumatano mchana bunge likiwa linakaa waziri mkuu anasimama anajibu maswali huku upinzani wanamzomea usoni. Yale maswali ya papo kwa papo unayoyaona Dodoma Alhamisi yanatoka kwenye desturi za aina hiyo. Rais wa Marekani haitwi bungeni kuhojiwa hivyo, anaenda kutoa hotuba ya mwaka, anapigiwa makofi na upande wake, anaondoka.

Sisi Tanzania tumechanganya. Tulianza 1961 kwa mtindo wa Uingereza mtupu, Mwalimu Nyerere akiwa waziri mkuu na malkia ndo mkuu wa nchi, mwaka mmoja baadaye tukawa jamhuri yenye rais. Leo rais tunampigia kura wenyewe kama kule Marekani lakini mawaziri wake ni wabunge kama Uingereza. Kenya kwa katiba ya 2010 wakasogea zaidi upande wa Marekani, mawaziri wao hawawi wabunge na wana seneti. Kwa hiyo wewe mama unaujua mfumo wa wote wawili vipande vipande, hujapungukiwa.

Turudi kwenye kumtoa mtu. Marekani njia ya kumtoa rais kabla ya muda ni kumshtaki. Baraza la Wawakilishi linapitisha mashtaka kwa kura za kawaida, alafu Seneti inamsikiliza na kumtia hatiani kwa theluthi mbili, yaani 67 wakiwepo wote. Andrew Johnson alishtakiwa 1868 akaponea kura moja. Bill Clinton 1998. Donald Trump mara mbili, 2019 na 2021, na ile ya 2021 kura za kumtia hatiani zilikuwa 57 dhidi ya 43, ni nyingi ila hazikufika. Tangu nchi ianzishwe hakuna rais aliyeondolewa kwa njia hiyo, hata mmoja. Richard Nixon alijiuzulu mwenyewe Agosti 1974 baada ya kuona anaenda kushindwa. Na kumbuka kushtakiwa ni kwa makosa makubwa, sio kwa kuongoza vibaya. Rais anaweza kuwa anaongoza vibaya sana bila kuvunja sheria yoyote na hakuna wa kumgusa.

Uingereza hakihitajiki kosa la jinai. Tarehe 28 Machi 1979 waziri mkuu James Callaghan alipigiwa kura ya kutokuwa na imani, matokeo 311 kwa 310. Kura moja! Uchaguzi ukaitishwa, mwezi wa tano Margaret Thatcher akaingia. Na huyo Thatcher aliyeshinda chaguzi tatu mfululizo akatolewa Novemba 1990 na wabunge wa chama chake mwenyewe, akatoka Downing Street machozi yanamlenga. Kwa hiyo ninapoambiwa Waingereza hawana demokrasia kwa sababu walibadilishiwa kiongozi bila kuulizwa, mimi naona upande wa pili: walimtoa aliyeharibu, bila jeshi, bila damu, ndani ya wiki saba. Hilo nalipenda na sioni aibu kusema, ingawa ningependa kiongozi akibadilika katikati hivyo wananchi waitwe kupiga kura ndani ya muda mfupi, mwaka mmoja hivi. 2022 hawakuitwa, Sunak alikaa mpaka 2024.

Ila kuna bei yake, na hapa ndo mjomba angetakiwa kushika zaidi kuliko hao mawaziri wakuu watatu. Waziri mkuu wa Uingereza akiwa na wabunge wengi na wanamtii, karibu hakuna wa kumzuia. Hawana katiba ya kitabu kimoja. Malodi wanaweza kuuchelewesha mswada wa kawaida kama mwaka mmoja hivi kwa sheria za 1911 na 1949, mswada wa fedha mwezi tu, alafu unapita watake wasitake. Mahakama yao ya Juu, ambayo ilianza kazi 2009 tu, inaweza kuizuia serikali, na Septemba 2019 majaji 11 kwa sauti moja walimwambia Johnson kulifunga bunge vile hakukuwa halali, lakini sheria iliyopitishwa na bunge hawawezi kuifuta. Mwaka 2011 bunge lilipitisha sheria kwamba uchaguzi uwe kila miaka mitano tarehe maalum, wakaichoka, 2022 wakaifuta kwa kura ya kawaida, sasa hivi waziri mkuu ndo anachagua siku mradi isizidi miaka mitano. Wakati wa vita kuu ya pili ndo kabisa, bunge lililochaguliwa 1935 lilijiongezea muda mwaka hadi mwaka likakaa mpaka 1945. Miaka kumi! Marekani nao walikuwa vitani, na Novemba 1944 walienda kupiga kura ya rais kama kawaida, kwa sababu tarehe iko kwenye sheria na muda wa rais uko kwenye katiba, na kuibadilisha hiyo katiba unahitaji theluthi mbili za mabaraza yote mawili pamoja na majimbo 38 kati ya 50 yakubali.

Marekani wao ugonjwa wao ni kukwama. Rais anaweza kuwa wa chama hiki, Wawakilishi wa chama kile, Seneti iko nusu kwa nusu na miswada mingi inataka kura 60 kati ya 100 ili mjadala ufungwe, na ukishapita hayo yote majaji tisa wa Mahakama ya Juu wanaokaa maisha wanaweza kuifuta sheria. Wasipoelewana kwenye hela serikali inafungwa, watumishi wanakaa nyumbani bila mshahara au wanafanya kazi bila mshahara. Kuanzia Desemba 2018 ilifungwa siku 35, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025 ikafungwa siku 43, ndefu kuliko zote zilizotangulia. Mjomba bila shaka aliyaona hayo, uwanja wa ndege waongoza ndege wanakuja kazini na hawajalipwa. Uingereza kitu hicho hakipo, maana serikali ikishindwa kupitisha bajeti yake bungeni hiyo si serikali tena, inaanguka, inakuja nyingine au watu wanaenda kwenye kura.

Sasa kwenye kuhesabu kura, na hapa kijana asijipigie kifua sana. Ni kweli Marekani rais hapatikani kwa jumla ya kura za nchi nzima. Kila jimbo lina wajumbe wake wa uchaguzi, wote wako 538, ukifikisha 270 umeshinda, na majimbo karibu yote anayeongoza hata kwa kura chache anabeba wajumbe wote (Maine na Nebraska tu ndo wanagawa). Mwaka 2000 Al Gore alipata kura zaidi ya nusu milioni kumzidi George W. Bush lakini Florida ikaenda kwa Bush kwa kura 537, basi Bush akawa rais. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Trump karibu kura milioni 2.9 na akashindwa. Mjomba yuko Minnesota, jimbo ambalo mara ya mwisho kumpa wajumbe mgombea wa chama cha Republican ilikuwa Nixon 1972, kwa hiyo mtu wa Republican anayeishi pale kura yake ya urais miaka yote hiyo haijaleta mjumbe hata mmoja. Na ndo maana wagombea wanahamia Pennsylvania na Wisconsin wanalala huko, majimbo mengine wanapita juu kwa ndege.

Naona Kiswahili chetu kinatuchanganya hapa kidogo, neno jimbo tunalitumia kwa Texas na tunalitumia kwa jimbo la uchaguzi la mbunge. Jimbo la Marekani ni kama nchi ndogo, lina gavana wake, bunge lake, mahakama zake, hata uchaguzi linausimamia lenyewe, hakuna tume moja ya taifa inayotangaza mshindi kama tulivyozoea. Jimbo la Uingereza ni eneo la kumpata mbunge basi, watu kama elfu sabini na kitu waliojiandikisha.

Lakini hilo eneo dogo linapotosha vilevile, na mimi naona linapotosha zaidi. Julai 2024 chama cha Labour kilipata asilimia 33.7 ya kura. Theluthi moja. Viti kilivyopata ni 411, asilimia 63. Chama cha Reform kilipata asilimia 14.3, viti 5. Liberal Democrats asilimia 12.2, kura chache kuliko Reform, viti 72! Sababu ni kwamba kwenye kila jimbo anayeongoza anachukua, wa pili hapati kitu hata akikosa kwa kura kumi, sasa chama ambacho watu wake wametapakaa nchi nzima kinakuwa wa pili kila mahali, na chama ambacho watu wake wamekusanyika sehemu chache kinavuna. Hata lile la mwenye kura nyingi kushindwa lipo. 1951 Labour walipata kura nyingi kuliko Conservative na Winston Churchill ndo akarudi madarakani. Februari 1974 ikawa kinyume, Conservative kura nyingi, Labour viti vingi. Kijana hakuambiwa hayo labda kwa sababu ni ya zamani.

Mfano mzuri yeye anao mlangoni. Leicester ndo mji waliokimbilia maelfu ya Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin 1972, mpaka leo ukipita mitaa ya mashariki utawakuta wazee wanakisema Kiswahili. Mwaka 2024 Labour ilikuwa inafagia nchi nzima, lakini Leicester East ikatoka Labour ikaenda Conservative, jimbo pekee lililofanya hivyo uchaguzi ule. Kila jimbo linapika chungu chake, na Downing Street wanasubiri kuona vyungu 650 vimetoa nini.

Kuhusu hela na muda nitasema kwa kifupi. Sunak aliitisha uchaguzi tarehe 22 Mei 2024 akiwa amesimama nje kwenye mvua, tarehe 4 Julai watu wakapiga kura, tarehe 5 Starmer yuko ndani. Wiki sita. Redioni na kwenye tivii matangazo ya siasa ya kulipia yamepigwa marufuku, vyama vinapewa dakika zao bure. Marekani mgombea urais anaanza mwaka mmoja hata miwili kabla, anapitia kura za mchujo jimbo kwa jimbo, na tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2010 makampuni na matajiri wanaweza kumwaga hela bila kikomo mradi waseme hawashirikiani na mgombea moja kwa moja, matokeo yake ni mabilioni ya dola kila uchaguzi. Kwenye hili simpi mjomba hata nusu ya hoja. Ila ile mchujo wenyewe ina uzuri wake, maana Mmarekani wa kawaida anamchagua hata mgombea wa chama, wakati Uingereza mgombea wako wa ubunge unaletewa na chama.

Mimi mwenyewe nilipiga kura Uingereza. Ilikuwa Alhamisi tarehe 6 Mei 2010, nikiwa mwanafunzi huko kaskazini, na pasipoti yangu ya Tanzania iko kwenye begi. Kituo kilikuwa ukumbi wa kanisa. Nilitegemea foleni, polisi, wino wa kidole, sikukuta kitu. Akina mama wawili wazee nyuma ya meza, mmoja akaniuliza jina na anuani, akaweka rula kwenye daftari akakata mstari, akanipa karatasi. Kitambulisho hakuniuliza. Kwenye kibanda kulikuwa na penseli imefungwa kwa uzi. Penseli! Nikabaki naiangalia, kwetu tungeshaanza kuulizana nani atafuta. Usiku saa nne vituo vikafungwa nikakaa sebuleni na wenzangu tunaangalia majimbo yanavyotangaza moja moja, mkurugenzi anasimama na wagombea wote wamepanga mstari nyuma yake, waziri mkuu anasimama bega kwa bega na mgombea asiyejulikana na mtu, wanasomewa kura zao kwa sauti. Safari ile hakuna aliyefikisha nusu, Conservative 306, Labour 258, siku tano za mazungumzo mpaka David Cameron wa Conservative na Nick Clegg wa Liberal Democrats wakaunda serikali ya mseto, na Gordon Brown wa Labour, aliyekuwa waziri mkuu, akatoka na mkewe na watoto wake wadogo wawili amewashika mikono. Marekani kati ya kura na kuapishwa ni toka Novemba mpaka tarehe 20 Januari, miezi miwili na zaidi, na tuliona 2020 kwenda 2021, Trump alipokataa matokeo, huo muda mrefu unavyoweza kutumiwa vibaya.

Sasa barua. Kijana wako ana haki kamili. Sheria ya Uingereza inampa raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi kule kihalali, awe na viza ya masomo au ya kazi, haki ya kupiga kura kwenye chaguzi zote, hadi uchaguzi mkuu. Mtanzania yumo, Mkenya yumo, Mganda yumo, Mnyarwanda yumo tangu nchi yake ijiunge 2009. Mrundi na Mkongomani hawamo, kwa hiyo kama ana rafiki wa Bujumbura au Lubumbashi anaishi naye chumba kimoja asimjazie fomu kwa kumwonea huruma. Kwenye fomu kuna sehemu ya uraia, aandike Mtanzania, asiandike kingine chochote. Tena asikae kimya na barua, halmashauri ikikutaka ujiandikishe ukapuuza mara kwa mara unaweza kupigwa faini ya paundi 80. Na kujiandikisha hakugusi uraia wake wa Tanzania wala viza yake.

Mjomba ndo awe makini. Yeye na grini kadi yake haruhusiwi kabisa kupiga kura ya rais wala ya Kongresi (yaani Seneti na Wawakilishi), sheria ya 1996 inafanya hilo kosa la jinai na mtu anaweza kurudishwa kwao hata kama amekaa miaka ishirini na ana watoto wa kule. Mtego mkubwa uko pale unapoenda kuchukua leseni ya udereva, maana majimbo mengi unaulizwa hapo hapo kama unataka kuandikishwa kupiga kura, mtu amechoka na foleni anaweka tiki bila kusoma, imekuwa kesi. Aweke hapana mpaka siku atakapokula kiapo cha uraia. Uchaguzi utakaofuata atapewa karatasi ndefu hajawahi kuona, rais, seneta, mwakilishi, watu wa bunge la jimbo, majaji, mpaka bodi ya shule, atahitaji asubuhi nzima kuisoma kabla hajaenda.

Kijana yake ni fupi. Tangu 2023 kule Leicester wanataka kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola inakubalika, kwa hiyo abebe ya kwake ya Tanzania. Penseli ataikuta palepale.